Gari Lililomtaka Mama Mkwe

Wanaonijua humu watasema babu ameanza tena.

Semeni. Lakini hili lilitokea uani kwangu, mchana kweupe, na mashahidi wako hai. Mmoja wao mpaka leo hanisalimii.

Gari langu lilikuwa haliwaki mpaka mama mkwe akae ndani.

Si kwamba aliliwasha yeye. Yule mama hajui hata boneti inafungukia wapi. Alikuwa anakaa tu kiti cha mbele cha abiria, anaweka mkoba mapajani, gari linanguruma. Akishuka, kimya.

Mtacheka mkimaliza kusoma. Mimi wakati ule sikuwa na meno ya kuchekea.

Nianze mwanzo.

Mimi ni mstaafu. Maisha yangu yote nilikuwa mpaka rangi wa majumba. Shule ya ufundi nimeiona kwa nje, siku nilipopewa ukuta wake niupake. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe. Mkono wangu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, kwa hiyo watu wanaamini najua mambo mengi, na sijawahi kuwakatalia.

Sasa nina gari langu la zamani. La milango minne, la enzi zile ambazo ukifunga mlango mtaa wa pili wanaamka. Injini yake ya kabureta ilikufa kifo cha haki, ilitoboka ubavu ikamwaga kila ilichokuwa nacho. Mwenye akili angeliuza. Mimi nikaenda kutafuta injini nyingine.

Nikaipata kwa wavunja magari. Injini ya kisasa kidogo, ile inayoendeshwa na kompyuta. Jamaa akanipa injini, akanipa na kompyuta yenyewe, kiboksi cha bati cha kukaa kiganjani. Halafu akanitupia furushi la nyaya, utadhani matumbo ya ng'ombe.

"Kila waya una kazi yake, mzee," akaniambia.

"Hata mimi nilikuwa na kazi yangu," nikamjibu, "na wamenistaafisha."

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni, kitambaa cha vyombo begani.

"Hiyo nini?"

"Injini."

"Sioni injini. Naona nywele."

Kuishusha injini mahali pake haikuwa shida. Mnyororo, boriti, na majirani wenye misuli. Shida ilikuwa nyaya. Gari la zamani lilizoea nyaya chache, kila mmoja unajulikana unakotoka na unakokwenda. Injini hii ilikuja na ukoo mzima. Ni kama kumwozesha binti anayeongea lugha kumi kwa bwana ambaye hata salamu haitikii.

Nikamwita Fundi Tochi.

Tochi ni fundi umeme wa magari. Mwembamba kama ufagio, tochi kichwani hata jua likiwa la utosi. Kazi anaijua. Ila ana tabia moja: hakai karibu na gari linalowashwa. Zamani kuna gari lilimlipukia likala nyusi zake zote mbili, na inasemekana iliyorudi ni moja. Ukigusa ufunguo tu, yeye yuko nyuma ya tangi la maji pale uani.

Hilo la tangi la maji mliweke akilini.

Basi Tochi akawa anaunga nyaya, mimi nikawa nafanya ninalolijua. Nikang'oa zulia la gari, nikakwangua kutu yote ya sakafuni, nikapaka rangi. Bluu. Tabaka tatu. Sakafu ile ilipendeza mpaka unaona aibu kuikanyaga.

Rangi ikabaki. Nami sipendi rangi inikaukie koponi, kwa hiyo nikahamia chumba cha mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu karibuni. Aliteleza bafuni kwake, mke wangu akasema basi, mama hakai tena peke yake. Yule mama alikuwa muuza vitambaa sokoni tangu ujana wake, mdomo wa biashara, anaweza kukuuzia shati ulilolivaa. Tukampa chumba cha nyuma. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Tukamwekea runinga.

Nilimpakia chumba kile kwa moyo wote. Nilipomaliza nikamwita aone.

Akazungusha macho kuta zote nne.

"Kizuri, mwanangu," akasema. "Kama sanduku jipya."

Nikachukua kama sifa.

Siku ya kuwasha ikafika. Tochi kafunga kompyuta chini ya dashibodi, upande wa abiria. Zulia limerudi, na juu yake mikeka mipya ya mpira. Nikakaa kwenye usukani kama bwana harusi. Tochi akaenda nyuma ya tangi.

Nikageuza ufunguo.

Stata ikazunguka. We-we-we-we-we. Haikuwaka.

Nikageuza tena. We-we-we-we.

"Pampu ya mafuta siisikii," Tochi akasema kutoka nyuma ya tangi. "Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi?"

"Haijawaka."

"Basi kompyuta haipati umeme. Acha ufunguo hapohapo, nije nipime."

Akaja. Akafungua mlango wa abiria, akainama, mkono mmoja kauegemeza sakafuni, kichwa kikapotea chini ya dashibodi. Nikasikia testa yake inagusa hapa na pale.

"Umeme upo, mzee. Tena mwingi. Washa."

Akajitoa, huyo tangini. Nikawasha.

We-we-we-we.

"Tochi, umeme uko wapi?"

"Ulikuwepo."

"Kwani ulikuwa mgeni?"

Akarudi. Akainama, akaegemea, akapima. Upo. Akaondoka. Haupo. Ndugu zangu, mchezo huo ulituchosha mpaka tukaanza kuchukiana. Tukabadilisha fyuzi. Tukabadilisha relei. Tukabadilisha pampu ya mafuta, pampu masikini haikuwa na kosa lolote. Tukafumua nyaya alizozifunga, tukazifunga upya. Mwisho tukabaki tunabadilishana maneno.

"Wewe ni fundi wa umeme au mganga?" nikamuuliza.

"Na wewe ni mzee au mtihani?"

Mke wangu akawa anapita na beseni la nguo, anasimama, anatazama, anaondoka bila kusema. Afadhali mwanamke akuseme.

Sasa sikiliza.

Mchana mmoja mama mkwe alitoka nje na ungo wake wa mchele. Viti vyote vya uani nilikuwa nimevijaza vyuma. Yule mama akatafuta pa kukaa, akakosa, akafungua mlango wa abiria, akaingia, akaanza kuchambua mchele wake kimyakimya.

Mimi nilikuwa kwenye usukani nimekata tamaa. Nikageuza ufunguo bila sababu, kama mtu anavyojikuna kichwa.

Gari likanguruma.

Likanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Kuku wa jirani, nasikia, waliacha kutaga wiki nzima. Tochi akatokeza nyuma ya tangi polepole, kichwa kwanza, kama kobe.

Mama mkwe akatupa chuya dirishani. "Limewaka," akasema.

Nikataka kumbusu. Nikakumbuka ni mama mkwe, nikabusu usukani.

Baadaye akashuka kupeleka mchele jikoni. Gari likazima. Palepale, kama lilikuwa linamsubiri aondoke.

Akarudi kuchukua miwani yake, akaketi kidogo. Nikajaribu. Likawaka.

Akashuka. Likazima.

Nikamtazama Tochi. Tochi akanitazama.

"Uzito," akasema. "Kiti kikibonyea kuna waya unagusa."

Tukaweka mfuko wa saruji pale kitini. Halikuwaka. Tukaongeza mwingine. Nikakaa mimi mwenyewe na ndala zangu, Tochi akageuza ufunguo kwa kijiti kirefu akiwa nje. Wapi.

Tochi akakunja nyaya zake, akavua tochi kichwani. Sikuwahi kumwona bila tochi, nilidhani amezaliwa nayo.

"Mzee, mimi naishia kwenye umeme. Hili tafuta mtu wa dua."

Basi ikawa ndio maisha. Nikitaka kwenda popote, kwanza nibishe mlango wa nyuma. "Shikamoo mama. Samahani, nataka kwenda dukani." Naye anatoka tayari, kavaa, kajipaka mafuta, na miguuni kavaa vile viatu vyake vya sokoni, vizito, vyenye visigino vigumu kama nyundo.

Nyinyi hamjui tabu ya kukaa bega kwa bega na mama mkwe kila siku. Huwezi kutukana mwenye bodaboda. Huwezi kuimba. Hata kukohoa unaomba ruhusa moyoni.

Na gari lenyewe halikuwa na adabu. Lilikuwa linazima njiani. Tena mahali palepale: geti la soko. Tukifika pale tu, pu, kimya. Mimi nafungua boneti, natikisa nyaya, magari ya nyuma yananipigia honi na kunitajia wazazi wangu. Mama mkwe anashuka.

"Acha ninyooshe miguu, mwanangu. Wewe shughulika."

Anakwenda kwa wanawake wa vitambaa. Nasikia vicheko huko. Mimi jasho linanitoka la kuweza kuosha gari lenyewe. Akirudi, akikaa, linawaka.

Nikajiambia injini inapata joto pale kwenye foleni.

Mambo yakaharibika siku niliyokwenda kumwamsha usingizini. Nilitaka gundi ya bomba, duka linakaribia kufungwa. Mke wangu akanikuta mlangoni kwa mama yake, ufunguo mkononi.

Akanivuta mpaka jikoni. Hakupandisha sauti. Mke wangu akikasirika sauti yake inashuka.

"Mama yangu si betri."

"Mama watoto, dakika mbili tu."

"Ameanguka bafuni, nimemleta hapa apumzike. Wewe unamzungusha juani kama kipuri." Akaweka sufuria chini taratibu. "Jumamosi Kilo anakuja. Nimeshaongea naye. Ama gari liwake bila mama, ama liondoke."

Kilo ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Akilichukua gari, jioni limeshakatwa vipande.

Nikageuka, nikamwona mama mkwe amesimama korido. Alikuwa amesikia yote.  Akarudi chumbani, akavuta mlango.

Msiniulize wiki ile ilipitaje. Nilifungua utepe wa nyaya zote kuanzia kwenye betri mpaka kwenye plagi. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa kidole, nikipoteza naanza upya. Vidole vilivimba. Niliota nyaya. Niliamka namwambia mke wangu nyekundu na nyeusi, akahamia kitanda cha wageni. Nilikaa na lile gari nikalibembeleza kwa sauti, nikalitukana, nikaliomba radhi. Injini nzima, kila kipuri kizima, na haliwaki. Bora kitu kibovu, unakijua kibovu. Kitu kizima kikikugomea kinakudharau.

Jumamosi Kilo akaja na lori, mnyororo begani. Akalizunguka gari, akalipiga teke gurudumu.

"Bati nzito hii. Na rangi safi, mzee wangu. Ila mimi napima kilo, na rangi haina kilo."

Tochi naye alikuja. Alikuja kama mtu anavyokwenda msibani, mikono nyuma. Mke wangu kasimama mlangoni. Dirisha la mama mkwe lina pembe inayochungulia uani, nikaona pazia limesogea.

"Nipe nafasi nitoe vitu vyangu," nikamwambia Kilo.

Nikageuza ufunguo mara ya mwisho. We-we-we. Nikauacha hapohapo, sikuwa na nguvu ya kuuchomoa. Nikazunguka upande wa abiria, nikavuta ule mkeka mpya wa mpira, angalau nibaki na mkeka.

Ulikuwa na tundu.

Tundu la mviringo, dogo, limetobolewa na kisigino. Sehemu nyingine yote ya mkeka mpya kabisa, haina mkwaruzo. Na zulia chini yake limelika palepale.

Nikatia kidole gumba. Nikabonyeza.

Mmmmm. Pampu ya mafuta ikaimba nyuma.

Nikaachia. Kimya.

Nikabonyeza. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi.

"Tochi, njoo."

"Unawasha?"

"Siwashi. Njoo hapa."

Tukafunua zulia. Chini yake waya mnene mweusi, ndio ethi ya kompyuta, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Usipogusa bati, kompyuta imekufa. Waya ulikuwa mahali pake, boliti yake ipo. Na chini ya boliti ile, bluu safi, inang'aa.

Tochi akaigusa kwa kidole.

"Mzee. Hapa nilipakwangua mimi mwenyewe mpaka bati jeupe. Nikafunga ethi kwenye bati tupu."

"Ndiyo. Nikaona bati tupu."

"Halafu?"

"Nikafungua boliti, nikapaka, ikakauka, nikafunga tena."

"Kwa nini?"

"Palikuwa hapapendezi."

Tochi akakaa chini. Palepale kwenye vumbi.

"Rangi haipitishi umeme, mzee."

"Tabaka tatu," nikamwambia. Sijui kwa nini niliona lazima ajue.

"Na mimi kila nikija kupima nimeegemea hapahapa kwa mkono. Nabonyeza, inagusa, naona umeme. Nikitoka, haupo." Akajishika nyusi. "Nisingekimbilia tangini ningeliona siku ya kwanza."

Nikachukua kisu changu cha rangi, nikakwangua bluu yangu mwenyewe. Iliniuma kama nakwangua ngozi. Tochi akakaza boliti. Akasimama, akatazama tangi, akatazama gari. Akabaki.

Nikageuza ufunguo. Likawaka kabla sijamaliza kugeuza. Kiti cha abiria kitupu.

Kilo akakusanya mnyororo wake, akapanda lori bila kuaga. Ndiye huyo asiyenisalimia.

Mke wangu akalitazama gari linavyotetemeka. Uso wake ukalegea kidogo.

"Haya," akasema. "Umeshinda. Sasa mama apumzike."

Kule dirishani kwa mama mkwe pazia likafungwa.

Sasa mimi ni mwongo wa siku nyingi, na mwongo hujua harufu ya uongo hata ukipikwa jikoni kwa mwenzake. Nilipokuwa nanawa mikono nikaanza kujiuliza. Mifuko miwili ya saruji haikubonyeza. Miguu yangu haikubonyeza. Kile kitundu kilikuwa kimoja, hakikuyumba hata kidogo. Kisigino kinachotoboa mahali pamoja tu kinalenga. Na lile geti la soko.

Nikaenda kubisha mlango wa nyuma.

Alikuwa amekaa kitandani, runinga imezimwa. Viatu vya sokoni vimepangwa ukutani, visigino vinanitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia limewaka. Hongera."

"Mama, kisigino."

 Akatabasamu kwa upande mmoja, kama muuzaji aliyegundua mteja anajua bei.

"Siku ileile ya mchele," akasema. "Nilinyoosha mguu likakohoa. Nikakanyaga tena, likatulia. Nikinyanyua linanyamaza, nikikanyaga linanguruma. Nikasema, haya, na mimi nimepata usukani."

"Mbona hukuniambia? Nimeteseka, mama. Nimemtukana Tochi, nimegombana na mwanao. Lori lilikuja hapa na mnyororo."

"Ningekuambia, ungenipeleka wapi?"

Nikaviangalia vile viatu.  

"Mwanangu ananipenda," akasema. "Ananiletea chai, ananifunika miguu. Wewe umenipakia chumba. Wote mmenifanyia vizuri. Ila toka nimekuja, hakuna mtu aliyewahi kunihitaji humu ndani, isipokuwa lile gari."

Nikatazama kuta. Bluu, tabaka tatu, kopo lilelile.

Nikatoka bila kuaga vizuri.

Asubuhi yake nikabisha tena. Nilikuwa nimevaa shati la kutokea, ufunguo kidoleni.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Gari limegoma tena."

Nyuma yangu, uani, gari lilikuwa linanguruma. Lilinguruma kiasi kwamba vioo vya dirisha lake vilikuwa vinacheza.

Mama mkwe akatega sikio. Akasikiliza kwa makini, kama daktari.

"Naam," akasema. "Nasikia lilivyogoma."

Akainama kuchukua viatu.

Tulipopita jikoni mke wangu alikuwa anasuuza vikombe, mgongo ametupa. Nikajiandaa. Hakugeuka.

"Mama, chukua mtandio," akasema. "Kuna upepo."

Tulikwenda. Safari hii nilikohoa bila kuomba ruhusa. Tulipofika geti la soko, nikasogea pembeni, nikageuza ufunguo mwenyewe.

"Limezima," nikasema.

"Magari haya," akajibu, na alikuwa ameshafungua mlango.

Nilichokipata mimi mpaka rangi, nawaachia: kitu kikikugomea nyumbani na kila kipuri ni kizima, usikimbilie kubadilisha vipuri. Anza kukwangua pale ulipopapaka rangi ukajisifu.